Chemchemi Iliyokwenda Likizo

Mfereji ulivuja. Ulivuja tangu siku ya kwanza, na ulivuja kwa sababu yangu.

Sentensi hizo mbili zimenichukua sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kuziandika, nazo hazijajaza hata mistari miwili. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya maji ya mashamba, kila aliyeniuliza kuhusu kile kinamasi kilicho chini ya mfereji wetu, upande wa Ndera, nilimjibu kwamba ni chemchemi. Nilisema "chemchemi ya asili", kwa sababu mtu anayedanganya hupenda kuongeza neno moja zaidi ya linalohitajika. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii, kumbukeni hilo mnaposoma ripoti za waliowatangulia: mkikuta neno la ziada, chimbeni hapo.

Mimi ni mwanamke wa makamo. Nimestaafu mapema, baada ya magoti yangu kuandika barua ya kuacha kazi kabla yangu. Nilikulia ukimbizini Karagwe, upande wa Tanzania, nikasomea uhandisi wa maji chuo kikuu, kisha nikarudi nyumbani Rwanda, nchi ambayo nilikuwa sijawahi kuiona. Nilirudi na cheti, viatu vya mpira, na imani kwamba maji hufuata hesabu. Maji hayafuati hesabu. Hesabu ndiyo inayofuata maji, tena kwa mbali, ikihema.

Niwaeleze bonde lenyewe. Juu kuna bwawa dogo. Kutoka hapo mfereji unapita kwenye mguu wa kilima, juu kidogo ya mashamba, ukigawa maji ya mpunga kiwanja kwa kiwanja hadi mwisho wa bonde, ambako ndege zinazotua uwanja wa Kanombe hupita chini kiasi kwamba watu hukata sentensi katikati, wakangoja, wakaimalizia. Kati ya mfereji na mashamba, penye kona, kuna kibonde kidogo kilichojitenga, kama kiganja kilichokunjwa. Hapo ndipo penye habari yangu.

Mfereji ulikuwa wa udongo. Msiudharau mfereji wa udongo. Ukijengwa vizuri huvuja kidogo tu, kama mtu mzima anavyosahau kidogo. Siri iko kwenye mfinyanzi. Chukua udongo, uloweshe, usokote uwe kama kamba nyembamba, kisha uikunje iwe pete. Pete ikishika bila kupasuka, hapo una mfinyanzi. Ikipasuka, una udongo wa kupandia viazi, na ushukuru kwa hilo pia. Chuo kilinifundisha jambo hili kwa muhula mzima na vyombo vya kioo. Kapita wetu, yaani msimamizi wa vibarua, Mzee Laurenti, alinifundisha akiwa anatafuna muhogo.

Laurenti alikuwa amekulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, cha mtu aliyejifunza lugha kwa kubishana sokoni. Alikuwa mnene, mwimbaji wa sauti ya chini kwenye kwaya ya parokia, na alikuwa na tabia ya kuja kazini na koti la kwaya kila Jumatatu kwa sababu, alisema, Jumapili ilikuwa bado haijamtoka. Wafanyakazi wote walimtii. Mimi, mwenye cheti, walinisalimia.

Siku tuliyofika kwenye kona, alikuja na kusimama mbele ya michoro yangu.

"Injeniya, hapa mashine yako haitaweza. Udongo wa hapa iko na mchanga. Hapa tulete ng'ombe."

"Ng'ombe wa nini, Mzee?"

"Wa kukanyaga. Tunalowesha mfinyanzi, tunapitisha ng'ombe, wanaenda, wanarudi, siku mbili, siku tatu. Kwato iko inaingia ndani kuliko mashine. Mimi niko na sita. Nakupa."

Nikamwambia, kwa sauti ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya, kwamba ile ilikuwa kazi ya kitaalamu na nisingeweza kuingiza mifugo kwenye eneo la ujenzi.

Laurenti aliiacha michoro, akanigeukia. "Umekataa ng'ombe zangu?"

Mnaojua nchi hii mtaelewa. Ng'ombe wanaotolewa kwa moyo hawakataliwi Rwanda. Mtu hupokea, hushukuru, humtaja mtoaji kwa jina lake mbele ya watu. Mimi nilikuwa nalijua jambo hilo kama unavyojua sheria za nchi uliyosoma habari zake tu. Nilidhani nimekataa njia ya kazi. Kumbe nilikuwa nimemkataa mtu. Nyuma yake wafanyakazi walikuwa wamelisikia lote.

"Injeniya amekataa ng'ombe!" mmoja akapaza sauti.

"Siku ya mahari," akajibu mwingine, "baba yake watampelekea mashine ya kushindilia!"

Kuanzia siku hiyo mashine yetu, kile kisahani cha chuma kinachorukaruka kikishindilia udongo, ikaitwa Bwana Harusi. "Bwana Harusi ameamka?" "Bwana Harusi leo anakohoa." Nami nilicheka nao, kwa sababu mtu ukichekwa na watu thelathini ni nafuu uwe wa thelathini na moja.

Sasa, Bwana Harusi alikufa pale pale kwenye kona. Kipuri cha kumfufua kilitakiwa kutoka mbali, na wageni wa kufungua mfereji walikuwa wanakuja siku nne baadaye. Tabaka la mfinyanzi halitakiwi kuzidi shubiri moja: unamwaga, unashindilia, unamwaga tena. Mimi niliruhusu tabaka likafika gotini. Watu walishindilia kwa miguu na kwa magogo, juu pakawa pagumu, pakang'aa, ukigonga kwa kisigino unasikia sauti nzuri. Chini ya hapo kulikuwa laini kama keki. Laurenti alisimama mikono nyuma akitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuimba wala hakutukana.

Ng'ombe wake sita walikuwa wanakula majani upande wa pili wa kilima. Nilikuwa nawaona. Wangeifanya kazi ile kwa siku tatu, na siku ya nne wageni wangekuja. Lakini ningelazimika kwenda kumwomba mtu kitu nilichomkatalia, na chuo hakina muhula wa hilo.

Wageni walikuja, maji yakaja, makofi yakapigwa.

Haukupita mwezi, mwanamke mmoja akaingia kwenye kibanda chetu cha kazi akiwa ameshika kiazi kitamu kilichooza. Alikuwa Mama Beata, jirani yetu, mwenye shamba kwenye kile kibonde cha kona. Alikuwa amerudi kutoka Burundi kama nilivyorudi mimi kutoka Tanzania, na alikiweka kile kiazi juu ya michoro yangu.

"Viazi vyangu viko vinaoga, Injeniya."

Nilikwenda kuona. Kibonde kizima kilikuwa kimelowa. Ukikanyaga, maji yanakuja juu ya kiatu polepole. Nilijua papo hapo. Msiamini mhandisi anayewaambia kwamba hakujua: mwili hujua kabla ya kichwa, na wangu ulipata baridi kuanzia kwenye vidole vya miguu.

"Ni chemchemi, Mama Beata," nikasema.

"Chemchemi? Nimelima hapa misimu sita. Haijawahi hata kunisalimia."

"Hutokea. Mvua zikiwa nyingi, chemchemi ya asili inaweza kufunguka."

Nikaandika hivyo kwenye ripoti, nikapiga mhuri. Beata akapewa kipande kingine cha kulima juu ya kilima, kidogo kuliko cha kwanza. Laurenti aliisoma ripoti akiwa amesimama, akanirudishia.

"Hiyo chemchemi mwaka jana ilikuwa wapi, binti yangu? Ukimbizini, kama sisi?"

Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Hakumwambia mtu. Alifariki miaka mingi baadaye bila kunishtaki, na sijui hata sasa kama ule ulikuwa msamaha au dharau.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na ndiyo sababu nawaandikia. Kosa likikaa muda mrefu huota. Kile kibonde kiliota ukangaga kwanza, yale majani marefu ya kufumia mikeka. Yakafuata mafunjo, vyura, na ndege wadogo ambao sikuwajua majina. Siku moja nikakuta korongo wawili wenye taji wakitembea mle kama wakaguzi waliotumwa kunichunguza mimi. Mwaka uliofuata walikuwa na kifaranga. Mama Beata aliacha kulalamika. Alipanda magimbi kandokando, ambayo hupenda kulowa, na akaanza kukata ukangaga. Mikeka yake sasa iko sebuleni kwa watu wengi hapa Kicukiro, pamoja na kwangu, ambako huukanyaga uongo wangu kila asubuhi nikienda kuchemsha chai.

Na mimi? Mimi nikawa mtaalamu wa chemchemi. Watu wenye darubini walipokuja kutazama ndege, niliwatembeza. Shule moja ilileta wanafunzi, na msichana mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Jicho la chemchemi liko wapi?" Swali zuri kabisa, kwa sababu chemchemi ina mahali inapotokea. Nilinyoosha kidole palipokuwa na mapovu. Sote tukapatazama kwa heshima. Akatoka chura.

Lakini maji yaliyolisha vyura yalikuwa ya mtu. Huyo mtu aliitwa Anselmi, mwanajeshi mstaafu wa Kanombe, mwenye kiwanja cha mwisho kabisa kwenye mfereji. Kila kiangazi mpunga wake ulikuwa unageuka rangi ya karatasi ya zamani. Alikuja kwenye mkutano wa kooperative, ushirika wa wakulima wa bonde, akasema maji hayamfikii. Nami, mbele ya wakulima wote, nikamjibu kwamba maji hayamngoji anayelala.

"Mama," alisema, "mimi nimeamshwa na tarumbeta miaka yote ya ujana wangu. Kulala sijui."

Watu walicheka. Nikaliandika jina lake kwenye orodha ya wakulima wanaohitaji mafunzo ya kutunza maji. Akaja kwenye mafunzo. Alikaa mstari wa mbele, akaandika kila kitu, na mpunga wake ukakauka tena.

Basi nikastaafu, nikidhani mambo yamelala. Mwaka jana Divine akaja nyumbani kwangu. Divine ni mhandisi kijana, nilimfundisha miezi michache alipokuwa mwanafunzi, na ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi. Alikuja na kompyuta na furaha.

"Mama, tunausakafia mfereji wote kwa zege. Hakuna tone litakalopotea. Wakulima wa mwisho watapata maji hatimaye."

"Vizuri sana, mwanangu."

"Wasiwasi wetu ulikuwa kile kinamasi. Lakini nimekuta ripoti yako. Chemchemi ya asili! Kwa hiyo zege haitakidhuru. Umetuokoa, ningelazimika kuanza uchunguzi upya."

Nilimwongezea chai. Nilimuuliza habari za mama yake. Nilimpa maparachichi ya kwenda nayo. Nikamsindikiza hadi barabarani, nikampungia mkono, na sikusema lolote. Nawaambia ili mjue: nilikuwa nimestaafu, hakuna aliyeweza kunifukuza kazi wala kuninyang'anya cheti, na bado nilinyamaza. Nilikuwa nimedhani kwamba naficha kosa kwa kuogopa wakubwa. Kumbe wakubwa walikuwa wameshaondoka, na kosa lilikuwa limebaki kulindwa na mazoea tu.

Ila sasa uongo ulikuwa umegeuka. Zamani ulinikinga mimi. Sasa ulikuwa unakwenda kukinyima maji kinamasi, magimbi ya Beata na ukangaga wake, na kile kizazi cha korongo, na wote wangekauka kwa ushahidi wa mhuri wangu.

Siku ya tatu nilipanda pikipiki hadi Ndera. Nilianza na Beata, kwa kuwa kwake ndiko nilikoanzia uongo. Nilimkuta ameketi akifuma. Nikamwambia yote, kona, tabaka, ng'ombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake au matusi. Hakuinua hata macho.

"Ulidhani sijui?"

"Ulijua?"

"Kila kiangazi mnafunga mfereji wiki mbili, mnatoa matope. Kila kiangazi, wiki hizo mbili, maji ya huku chini yanashuka. Mkifungua, yanarudi. Chemchemi gani inakwenda likizo pamoja na kooperative?"

"Mbona hukusema?"

Sasa akaniangalia. "Mwanzo nilisema, ukaniambia ni mvua. Baadaye magimbi yakakubali. Nikafikiri, nikisema ni mfereji, watakuja kuziba. Wewe ulinyamaza kwa sababu yako. Mimi nilinyamaza kwa sababu yangu. Lete huo mkasi."

Nikampa mkasi. Huo ndio uliokuwa mwisho wa ungamo ambalo lilinikosesha amani nusu ya maisha.

Divine hakuwa mpole hivyo. Alinisikiliza kwenye simu hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, siwezi kuandika kwenye ripoti kwamba umejuta. Nahitaji vipimo." Nilijivunia jibu hilo kuliko alivyokusudia.

Kipimo chenyewe ni rahisi kiasi cha kuaibisha, na ningeweza kukifanya wakati wowote. Unaziba kipande cha mfereji pande zote mbili kwa magunia ya udongo, unakijaza maji, unasimika fimbo yenye alama. Kando yake unaweka beseni la maji, ili ujue jua limekunywa kiasi gani. Baada ya siku nzima unasoma fimbo. Kiasi kilichopungua zaidi ya kile cha beseni kimepenya ardhini. Sisi tulifanya vipande viwili, kimoja kwenye kona na kingine mahali palipojengwa sawasawa. Divine aliwaita wakulima waone kipimo, na kwa kuwa wao na Beata kila upande ulidhani mwingine atachota maji usipoangaliwa, tulimweka Anselmi alinde fimbo ya kona, na Beata alinde ile nyingine.

Walipiga kelele siku nzima, kila mmoja kwenye kituo chake.

"Wewe mama, usiguse beseni!"

"Nikuguse wewe? Afande, angalia fimbo yako, iko inakunywa!"

"Iko inakunywa kweli," alijibu Anselmi baada ya muda, kwa sauti nyingine kabisa.

Asubuhi iliyofuata tulikusanyika. Kwenye kipande kizuri maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole, karibu sawa na beseni. Kwenye kona yalikuwa yameshuka zaidi ya shubiri. Divine alisoma mara mbili, akaandika. Anselmi aliitazama fimbo, kisha akageuka akatazama kule chini, kwenye mafunjo ya kijani.

"Kwa hiyo mpunga wangu wote uko pale," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kuwa mwokozi wa kinamasi, na sikuwa nimejiandaa kwa sentensi hiyo. Mtu akikuambia kwamba maji yanayovuja hayapotei, ni kweli, huenda mahali, na mahali hapo hupata uhai. Lakini huwa yametoka kwa mtu pia.

Mkutano wa kooperative ulikuwa wiki iliyofuata, chini ya paa la bati la ghala. Nilisimama, nikaeleza. Anselmi alinyanyua mkono.

"Uliniambia nalala."

"Ndiyo, nilisema."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Basi leo pia tuko na watu."

Nikasema, kwa sauti ya kufika nyuma, kwamba Anselmi hakuwa analala, kwamba maji yake yalivujia kwenye kona niliyoijenga vibaya, na kwamba nilijua nilipomcheka. Aliitikia kwa kichwa mara moja, akaketi. Kisha akasimama tena.

"Mimi sina ugomvi na ndege," alisema. "Lakini nataka zege. Kona yote."

"Na mimi nikale zege?" Beata akauliza kutoka mlangoni, maana hakuwa mwanachama na aliruhusiwa kusikiliza tu.

Divine akafungua mchoro mpya. Mfereji wote usakafiwe, hata kona. Lakini pale kwenye kona pawekwe mlango mdogo wa chuma, wenye kufuli, unaomwaga maji kibondeni. Alikuwa amepiga hesabu kwa vipimo vyetu: nusu siku kwa wiki ingetosha kukiweka kinamasi hai, japo kingepungua. Yale mengine, ambayo yalikuwa yanavuja usiku na mchana, yangekwenda chini hadi kwa Anselmi.

Watu walilipenda wazo, wakalikubali, kisha mwenyekiti, mwanamke asiyepoteza maneno, akasoma kanuni ya zamu. Kwenye mfereji wetu kila zamu ya maji ina mwenyewe. Mwenyewe anafungua, anakaa pale pale, anafunga. Hatumi mtu. Akichelewa mara tatu, zamu inafutwa, kwa sababu anayechelewa kufunga anakunywa maji ya anayefuata.

"Hii zamu ya kinamasi," aliuliza, "nani atafunga?"

"Korongo ana taji, lakini hana mikono!" mtu akasema, na ghala zima likacheka.

"Mimi nitafunga," Beata akasema.

"Wewe utafungua," akajibu Anselmi. "Kufunga utasahau."

"Na wewe ukipewa, kufungua utasahau."

"Kweli," alisema Anselmi. "Kwa hiyo si mimi, si yeye. Apewe mtu ambaye hana mpunga na hana ukangaga."

Watu wakaanza kupitisha majina kichwani. Mimi nilivitazama viatu vyangu. Nina magoti mabovu, naishi Kicukiro, na mtu aliyeharibu kitu si lazima ndiye wa kupewa ufunguo wake. Nilikuwa na hoja nyingi za aina hiyo, zote nzuri, na sikutoa hata moja wala sikunyanyua mkono. Mwenyekiti akaahirisha. Zege ingeendelea, mlango ungewekwa, lakini bila zamu mlango ungebaki umefungwa, na kama mkutano mkuu usingepata mtu, ungezibwa.

Kiangazi hicho walisakafia mfereji. Nilikwenda mara moja kuona. Kazi safi, Divine hakuruka tabaka hata moja. Kwenye kona palikuwa na kipande cha chuma kilichopakwa rangi ya kijani, kufuli jipya likining'inia. Chini yake kibonde kilikuwa kimeanza kupasuka kingoni. Magimbi yalikuwa yamelaza masikio. Beata alinionyesha ukangaga aliokata wiki hiyo, akaupima kwa mkono wake kutoka kwenye kiganja: ulifika kwenye kiwiko tu. Hakunilaumu. Aliniuliza kama mkutano mkuu una tarehe. Nikasema sijui. Kule mwisho wa bonde, mpunga wa Anselmi ulikuwa umesimama wima, kijani, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, naye alikuwa amesimama katikati yake bila kufanya kazi yoyote.

Niliporudi nyumbani niliandika barua kwa mwenyekiti. Nilisema kwamba kama hawajapata mtu, nipo. Ilikuwa barua ya mistari mitatu, na nilihakikisha haina neno la ziada. Haikujibiwa. Wiki zikapita, nikajiambia kwamba wamenipima wakaona sifai, nao wangekuwa na haki. Kisha Jumatano moja, chai ikiwa bado haijachemka, simu ikalia kwa namba nisiyoijua.

"Mama Injeniya, uko wapi?"

"Niko nyumbani, Kicukiro. Nani mwenzangu?"

"Anselmi. Leo Jumatano."

"Najua ni Jumatano."

"Hujui. Jana tumekaa mkutano mkuu. Zamu ya kinamasi ni Jumatano, asubuhi mpaka saa sita. Tumeandika jina lako."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. "Mbona hamkuniambia?"

"Sasa nakuambia. Barua yako ilisomwa. Wengine walikataa. Mimi nikasema aandikwe, kwa sababu zamu yangu inaanza saa sita, inafuata yako. Ukichelewa kufungua, ni shauri ya ndege. Ukichelewa kufunga, ni shauri yangu, na mimi nitakujia mpaka hapo Kicukiro."

"Afande, hata ufunguo sina."

"Beata anao, amepewa akukabidhi, tuko naye hapa. Nimemwambia afungue tu. Amekataa. Anasema zamu ya mtu haifunguliwi na mwingine."

Nyuma yake nilimsikia Beata akisema kitu, na Anselmi akimwambia anyamaze, na Beata hakunyamaza.

"Anasema nini?"

"Anasema uvae viatu vya mpira. Mama, mfereji umejaa. Fanya haraka, maji yako yanapita."